Paji la Uso la Bwana Unyevu

Pale kituo cha huduma, kila kifaa kinakufa kwa ugonjwa mmoja: unyevu. Redio ikinyamaza ni unyevu, pasi ikigoma kupata moto ni unyevu, na spika ikikoroma ni unyevu umeshuka kifuani. Siku ya kwanza nilipopanga foleni pale, mama mmoja mbele yangu alikuwa ameleta birika la umeme lililokataa kuchemsha, waranti yake bado mbichi. Meneja alivua miwani, akaifuta kwa kitambaa alichokichomoa mfuko wa nyuma wa suruali, kitambaa ambacho zamani kilikuwa cha njano. Akaivaa tena, akachungulia ndani ya birika kwa tochi, akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Mama, samahani sana. Birika lako limeingia maji."

"Baba, si birika hilo?"

"Ndiyo maana huwa tunawaomba wateja wasome masharti."

Palepale nikampa jina la Bwana Unyevu, nikacheka peke yangu nyuma ya foleni. Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Mimi zangu sikuzitia hata tone.

Kazi yangu ni kupiga picha za harusi, na wenzangu wa kazi wananiita Mama Shuka. Si jina la heshima. Nimelipata kwa sababu kila harusi, kabla bibi harusi hajatoka chumbani, mimi hutundika shuka jeupe ukutani na kulipiga picha. Wapishi hunicheka, na watu wa mapambo huniuliza kama naolewa na shuka. Lakini shuka jeupe halina aibu ya kusema ukweli. Kama kuna vumbi kwenye sensa, litaonekana juu ya ule weupe, doa moja jeusi mahali palepale kila picha. Na ninaposema sensa simaanishi ile ya kuhesabu watu. Nasema kile kibamba kidogo kinachong'aa ndani ya kamera, nyuma ya lenzi, ambacho ndicho kinachoiona picha. Ukikiharibu hicho, una mfuko wa plastiki wenye mkanda wa shingoni.

Kukisafisha kuna adabu yake. Unaigeuza kamera mdomo chini, unapuliza kwa pampu ndogo ya mpira, vumbi linadondoka lenyewe. Hupulizi kwa mdomo, kwa sababu mdomo una mate, hata mdomo wa mtu aliyesoma. Vumbi likikataa kutoka, kuna vijiti maalumu na dawa yake: unapitisha mara moja, unatupa kijiti. Kitambaa hakiingii mle ndani, kiwe cha hariri, kiwe cha mama mkwe. Kitambaa kinaokota chembe za mchanga, halafu kinazisugua juu ya sensa mtu akidhani anapangusa.

Basi mimi nilikuwa na doa moja sugu, mfano wa nzi, lililoishinda pampu. Kijitabu cha waranti kilisema usafishaji wa kwanza ni bure, na kwamba mteja akijisafishia mwenyewe, waranti imekufa. Mimi ni mtu wa kutii nikitaka. Asubuhi nikalipiga picha shuka, nikamwona nzi wangu, nikaipeleka kamera kwa wenyewe wenye waranti yao.

Nilipokwenda kuichukua alasiri, dada wa mapokezi aliniletea ikiwa kwenye mfuko safi, imefungwa utepe. Nikatoa shuka kwenye mkoba nilitandaze pale kaunta.

"Dada," akasema Bwana Unyevu kutoka nyuma ya kioo, "hapa si kwa dobi."

Watu wakacheka. Nikaona haya, nikalikunja shuka langu, nikaondoka. Nyumbani nikalitundika, nikapiga. Nzi alikuwa amekwenda zake. Mahali pake palikuwa na mkwaruzo, juu upande wa kushoto, umepinda mithili ya kucha iliyokatwa. Nilipiga tena na tena nikidhani ni uzi wa shuka. Nikabadilisha shuka. Mkwaruzo ukabaki palepale, umestarehe.

Nilirudi mbio na viatu vya nyumbani. Bwana Unyevu akaitazama kamera kwa tochi, akafuta miwani, akatazama tena.

"Unyevu," akasema.

"Unyevu unakwaruza?"

"Unyevu uliingia, wewe ukaona ukungu, ukafuta. Ulipofuta, ukakwaruza. Tunaliona sana hili."

"Sijaigusa! Nimeitoa hapa leo leo!"

"Kamera ikishavuka ule mlango, dada, ni ya mteja na matatizo yake ni ya mteja."

Nikamwonyesha picha za shuka, ya kabla na ya baada. Akaziangalia kwa upole wa kuudhi.

"Hizi ni picha za shuka."

"Ndiyo."

"Sasa nani mwenye akili zake anapiga picha shuka?"

Nilisema maneno ambayo sitayarudia, mengine yalihusu malezi yake. Mlinzi alinitoa nje kwa heshima zote, akanibebea mkoba mpaka getini. Nilisimama juani nimejaa hasira, na hasira ile ilikuwa na hofu ndani yake, kwa sababu sensa mpya ni karibu sawa na kamera mpya, na mimi kamera mpya ningeitoa wapi.

Shemeji yangu, mume wa dada ninayeishi kwake, ana duka la vifaa vya ujenzi. Tangu nianze kupiga picha amekuwa akinisubiri nishindwe, kwa upendo mwingi. Aliposikia habari ya mkwaruzo alinunua kigoda, akakiweka kando ya meza ya kupokelea fedha, na juu yake akaweka mto.

"Hicho chako, shemeji," akasema. "Misumari haina sensa. Haijawahi kuniletea kesi."

"Bado sijafa."

"Nani kasema umekufa? Mto nimechagua wa maua."

Basi ikawa ni mimi na mkwaruzo. Nikaanza kuusoma tabia, kama mtu anavyomsoma mke mwenza aliyeletewa bila kuulizwa. Nikilifungua tundu la lenzi wazi kabisa, unafifia, unajificha, kama haupo. Nikilibana tundu liwe dogo, kama inavyobidi jua likiwa kali, unajitokeza mweusi wa kiburi. Nikiigeuza kamera wima, unahamia pembeni. Ukikaa juu ya majani au nguo ya maua hauonekani. Ukikaa juu ya kitu cheupe au ngozi laini, unaonekana toka barabarani. Nikawa napiga harusi nzima tundu likiwa wazi, na zile chache nilizolazimika kulibana, nazifuta mkwaruzo kwenye kompyuta, moja moja, mpaka macho yananitoka maji.

Moja ikaponyoka. Ilikuwa saa sita mchana, ukoo mzima umepangwa ngazini, na baba wa bibi harusi anataka waonekane wote mpaka wa nyuma kabisa, hivyo tundu nililibana. Picha ile ikaenda kwa wenyewe na kucha yangu iliyopinda ikiwa kwenye shavu la bibi harusi.

"Nani kanikata usoni siku ya harusi yangu?" aliniuliza kwenye simu, huku analia.

Nilimwomba radhi, nikaisafisha picha na kumtumia upya. Lakini ile ya kwanza ilishazunguka kwenye simu zote za ukoo, na ukoo ule una simu nyingi. Ikasemwa picha za Mama Shuka zina kucha. Maharusi waliokuwa wamenipa tarehe wakaanza kukumbuka kwamba wana binamu mwenye kamera. Niliumia. Nilijifungia bafuni, nikafungulia bomba ili dada asinisikie, nikalia kwa kelele kama mtu aliyefiwa. Nilitoka nikashusha bei, nikaandika tangazo jipya, na chini ya tangazo nikaongeza neno "nafuu", neno ambalo nilikuwa nalicheka kwa wenzangu.

Neno lile ndilo lililoniletea simu ya dada wa mapokezi wa kituo cha huduma.

"Tuna sherehe," akasema kwa sauti ya chini. "Kituo chetu kimepata tuzo. Meneja amesema nitafute mpiga picha wa bei nafuu kuliko wote. Nimeona tangazo lako."

"Unanikumbuka mimi ni nani?"

"Dada, wewe nani atakusahau? Ulimtukania meneja ukoo mzima. Njoo tu."

Nilimuuliza tuzo yenyewe ni ya nini. Akakohoa kidogo. Kampuni ina vituo vingi, na kila mwaka inakituza kile chenye madai machache ya waranti yaliyokubaliwa. Kituo chao kilikuwa kimekubali moja tu, la feni iliyokuwa ya meneja mwenyewe. Kwa hiyo wao ndio Kituo Bora cha Huduma.

Siku hiyo nilifika mapema. Ua wa kituo ulikuwa umewekwa viti, jukwaa limepambwa vitambaa vyeupe tupu, na jua lilikuwa linawaka mtu hana pa kujificha. Mkurugenzi alikuwa amekuja kutoka makao makuu na suti ya mahali penye baridi. Bwana Unyevu alinipokea kwa bashasha, meno yote nje. Hakunitambua. Nilikuwa nimebeba maneno ya kumjibu, yote yakakosa kazi. Kwake yeye wateja hatuna sura, tuna unyevu tu.

"Karibu fundi wa picha," akasema, "nataka nitoke vizuri. Picha zitaoneshwa kwenye skrini palepale ukumbini, watu wakiwa wanakula. Hakuna kwenda kuzipika nyumbani."

"Palepale? Kama zilivyo?"

"Kama zilivyo! Kampuni yetu haifichi kitu."

Wahenga waliposema usitukane wakunga na uzazi ungalipo, naamini walikuwa na wapiga picha pia akilini. Nikatundika shuka langu nyuma ya jukwaa, nikalipiga, nikahakikisha mkwaruzo upo kazini. Halafu nikaanza.

Wageni niliwapiga tundu likiwa wazi, wakatoka wanang'aa. Watoto wao nikawapiga hivyohivyo. Mkurugenzi nilimweka upande wa kulia wa picha, mbali na mkwaruzo, maana sina ugomvi naye. Ila kila Bwana Unyevu alipoingia, nililibana tundu mpaka mwisho, nikajisogeza hatua moja kushoto au kulia, nikapiga goti au nikapanda kiti, mpaka paji lake la uso likakaa juu upande wa kushoto, mahali pa kucha yangu. Akipokea tuzo, paji. Akihutubia, paji. Akimpa mkono mkurugenzi, paji. Sijawahi kufanya kazi kwa umakini namna ile, hata kwa maharusi walionilipa vizuri.

Halafu akaja mama yake. Alikuwa mzee mfupi, amevaa viatu vipya vinavyomuuma, na akanishika mkono.

"Mwanangu, nipige na kijana wangu. Hatuna hata picha moja ya pamoja tangu akiwa shule. Alikuwa anapenda kufungua redio, huyu, anazifungua zote."

Kidole kilikuwa tayari. Nikamtazama yule mama anavyojinyoosha afikie bega la mwanawe. Nikashuka kwenye kiti, nikalifungua tundu wazi kabisa, nikawasogeza kwenye kivuli cha jukwaa, nikawapiga. Ilikuwa picha nzuri kupita zote za siku hiyo.

Ukumbini chakula kikaletwa, dada wa mapokezi akachomeka kadi yangu kwenye kompyuta, taa zikapunguzwa. Zikapita picha za wageni, watu wakijionesha kwa vidole. Kisha Bwana Unyevu akatokea ukubwa wa ukuta mzima, tuzo mkononi, na mkwaruzo mweusi umemlalia kwenye paji la uso.

Ikaja ya pili, mkwaruzo uko palepale. Ya tatu. Kwenye meza ya mafundi mtu akauliza, "Bosi kapigwa lini?" Mwingine akajibu, "Na nani, tumshukuru?" Kicheko kikaanzia pale, kikatambaa meza kwa meza. Mkurugenzi akaacha kijiko hewani, akamgeukia mwenyeji wake, akamkagua paji la uso kwa karibu.

Bwana Unyevu akainuka, akanyakua maiki.

"Jamani, hiyo si sura yangu! Hiyo ni kamera! Mnaona alama haihami? Hiyo sensa imekwaruzwa."

"Una hakika?" nikauliza kutoka nyuma. "Si unyevu?"

"Unyevu gani!" Jasho lilikuwa linamtiririka, na mbele ya mkurugenzi utaalamu wake wote ulikuwa umemrudia kwa mara moja. "Unyevu haukwaruzi! Huo ni mkwaruzo wa kitambaa kikavu, kitambaa chenye mchanga, fundi yeyote anaujua. Ni uzembe wa hali ya juu. Dada, hebu sema hapa mbele ya watu, ni nani huyo aliyekusafishia kamera?"

"Ni nyinyi. Hapa hapa. Na waranti yangu bado haijaisha."

Nikatoa simu, nikasogea mbele, nikamwekea mkurugenzi picha mbili za shuka, ya asubuhi na ya jioni. Huyo hakuuliza nani anapiga picha shuka.

"Fundi wangu hawezi kufanya hivyo," akasema Bwana Unyevu kwenye maiki, taratibu. "Fundi wangu amesomea."

"Fundi alikuwa likizo, bosi," akasema dada wa mapokezi kutoka kwenye kompyuta, bila kuinua kichwa. "Siku hiyo ulisafisha mwenyewe. Nilikuletea vijiti, ukasema visiharibiwe bure."

Sijui mikono ya binadamu inatumwa na nani. Wakati ule ule Bwana Unyevu alikuwa amevua miwani na anaifuta, na kitambaa alichokuwa anafutia kilikuwa kile kile cha mfuko wa nyuma, ambacho zamani kilikuwa cha njano. Watu wote wakakitazama kitambaa. Naye akakitazama. Akakirudisha mfukoni polepole, kana kwamba polepole ingesaidia.

Msije mkadhani mkurugenzi alikasirika kwa ajili yangu. Alikasirika kwa sababu picha za kampuni zimechafuka na wageni wanacheka. Alisimama akasema kwa ufupi kwamba sensa ibadilishwe bila mjadala, halafu akakaa, akamaliza nyama yake. Tuzo hawakuinyang'anya. Kwa hesabu zao, madai mawili kwa mwaka bado ni machache kuliko ya vituo vingine.

Waliponipigia kwamba kamera iko tayari, nilikwenda na shuka nimelipiga pasi. Foleni ilikuwa ndefu. Bwana Unyevu mwenyewe ndiye aliyenikabidhi, amenuna. Nikalitundika shuka langu kwenye kioo cha kaunta, kwa pini zangu mwenyewe, nikarudi nyuma, nikalibana tundu mpaka mwisho, nikapiga. Safari hii hakuna aliyesema habari za dobi. Nikaikuza picha, nikaikagua kona hadi kona mbele ya foleni nzima. Nyeupe tupu. Nikajikuta nimeegemea kaunta ya adui yangu kwa furaha. Kigoda cha shemeji na mto wake wa maua atakalia mwenyewe.

Nyuma yangu sauti ikaniita. Alikuwa yule mama wa birika, birika lake kwapani, bado anafuatilia.

"Mwanangu, hilo shuka lako linafanya kazi na birika?"

"Sijui, mama. Lakini hebu anza nalo," nikasema, nikamwachia pale lilipotundikwa.

Nilikuwa nafunga mkoba wakati Bwana Unyevu aliponiinamia kwenye kitundu cha kioo. Akashusha sauti isisikike kwenye foleni.

"Dada yangu. Zile picha za siku ile, mke wangu anataka kuweka sebuleni. Nasikia kwenye kompyuta mnaweza kuufuta ule... ile alama. Ni kazi ndogo tu."

Kweli ni kazi ndogo. Nikatoa bahasha niliyokuwa nimeiandaa, nikampitishia. Akaifungua. Ilikuwa picha ya yeye na mama yake kivulini, mama kajinyoosha mkono umfikie begani. Akaisogeza karibu na uso. Miwani ikamwingia ukungu, lakini hakuifuta.

"Hii mbona safi?"

"Mama yako hajanikosea kitu."

"Nashukuru. Na zile nyingine? Ile ya tuzo, angalau?"

Nikamtazama usoni kwa upole, nikatikisa kichwa kwa huzuni kama alivyonifundisha mwenyewe.

"Kaka, samahani sana. Zile zimeshavuka ule mlango. Halafu siku ile uso wako ulikuwa umeingia unyevu."

Mama wa birika ndiye aliyeanza kucheka.